Baba alipata kiharusi usiku wa kafyu: mkono wake uliponzwa na nini?

Swali: Daktari, shikamoo. Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ukiwa umefungwa, baba yangu alifuturu vizuri, akalalamika kichwa, akaenda kulala saa mbili. Saa nne usiku mama akamkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Nje kafyu, vizuizi kila mahali, na majirani wakatutia hofu kwamba tukimpeleka hospitali atalazwa na wagonjwa wa korona. Tukangoja alfajiri. Tulipofika tukawekwa hemani muda mrefu kabla hajapigwa picha ya kichwa. Korona hakuwa nayo. Mungu alimnusuru, lakini mkono ule mpaka leo haushiki kikombe cha kahawa. Ndugu zangu wanalaumiana. Tungetoka usiku ule mkono ungepona? Janga kama lile humfanya nini hasa mgonjwa wa kiharusi? Na baada ya miaka yote hii, mazoezi bado yana faida?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni. Mwaka ule nilikuwa kazini kasualti huku huku Pwani, kwa hiyo usiku unaousimulia naujua kutoka upande wa pili wa geti.

Nianze na lawama, maana nimeona nyumba zikigawanyika kwa jambo hili. Saa ya kiharusi haianzi pale mgonjwa anapogunduliwa. Inaanza pale alipoonekana mzima mara ya mwisho. Baba alikwenda kulala saa mbili, mama akamkuta saa nne, kwa hiyo kwa hesabu yetu masaa mawili yalikuwa yamekwenda na hakuna aliyejua. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase, ilionyesha faida mwaka 1995 kwa wagonjwa waliotibiwa ndani ya masaa matatu, na mwaka 2008 muda ukasogezwa hadi masaa manne na nusu. Kwa baba, mlango huo ulikuwa unafungwa saa sita unusu usiku. Mlibakiwa na masaa mawili na nusu ya kutafuta gari, kupita vizuizi, kuandikishwa, kupigwa picha na picha ipate mtu wa kuisoma. Na hiyo ni kama hospitali mliyofika ina mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, inayofanya kazi usiku, na dawa yenyewe iko kwenye friji. Nyingi kwetu hazina hata kimoja, kafyu iwepo isiwepo, na penye dawa bei yake humfanya mtu auze kitu.

Kuna jambo jingine. Hukunieleza picha ilionyesha nini. Kama mshipa ulipasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo, dawa ile ingeweza kumuua. Kwetu Afrika Mashariki sehemu ya viharusi vya kuvuja damu ni kubwa kuliko Ulaya, na sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Sisemi kuwahi hakusaidii kwa kiharusi cha namna hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023, ambao karibu wote ulifanyika katika nchi zisizo tajiri, ulionyesha kwamba presha ikishushwa kwa mpango, na sukari na homa zikadhibitiwa katika masaa ya mwanzo, wagonjwa wa kuvuja damu hupona vizuri zaidi. Kwa hiyo ukitaka jibu la moja kwa moja: huenda mkono ungepata nafuu kubwa zaidi, lakini hakuna mtu mmoja nyumbani mwenu aliyeupoteza saa nne usiku. Aliyengoja alfajiri alikuwa anapima hatari mbili, na serikali, redio na majirani walikuwa wamemwambia moja tu kati yake.

Sasa swali lako kubwa. Watu hudhani janga humdhuru mgonjwa wa kiharusi kwa kumwambukiza. Wachache ndivyo. Wengi kirusi hakiwagusi kabisa. Wanaumizwa na masaa wanayopoteza kabla ya kufika mlangoni petu, kisha na mengine wanayopoteza baada ya kuingia.

Chukua Hong Kong. Hawakufungiwa ndani kama Wuhan, ambulensi zilikuwa zinatembea, barabara wazi. Katika hospitali ya Queen Mary, muda wa kawaida kutoka dalili kuanza hadi mgonjwa kufika ulikuwa dakika 95. Miezi ya mwanzo ya 2020 ukawa dakika 154. Karibu saa zima limeongezeka, na lililoongeza huenda ni woga tu. Katika kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba, ubongo unakadiriwa kupoteza seli milioni 1.9 kila dakika. Zidisha kwa dakika hizo 59: zaidi ya seli milioni 110.

Wengine hawakufika kabisa. Marekani walihesabu picha za ubongo za wagonjwa wa kiharusi katika hospitali zaidi ya 800, wakakuta kwamba kati ya Februari na mwanzo wa Aprili 2020 zimepungua kwa asilimia 39. Baadaye hospitali 457 za nchi 70 zikakusanya hesabu zao. Kuanzia Machi hadi Juni 2020 waliolazwa kwa kiharusi walipungua kwa asilimia 11.5 kulinganisha na miezi minne iliyotangulia, na waliopewa dawa ya kuyeyusha damu kwa asilimia 13.2. Kiharusi hakikwenda likizo. Hakuna sababu ya mishipa ya watu kutulia ghafla dunia nzima katika mwezi mmoja.

Nakumbuka mwezi wa Aprili mabenchi ya kasualti yakiwa matupu, feni inazunguka peke yake. Muuguzi mmoja mkongwe akasema kwa mzaha, "Kumbe watu wakikaa kwao hawaugui." Tulicheka. Wiki chache baadaye wakaanza kuletwa watu waliopooza siku nne, siku tano, wana vidonda vya kulalia, kifua kimejaa makohozi. Mmoja alikuwa amefukizwa kwa majani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, wakidhani ni korona imemshika mwilini. Mwingine alikuwa amesomewa na kunyweshwa kombe, na sikuwashangaa waliomfanyia hivyo. Mdomo ukienda upande, watu wetu wengi husema amepigwa na upepo. Hospitali ikiogopwa, mganga aliye mtaa wa pili hupata wateja.

Hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Mwanzoni waliopelekwa karantini Kenya walitakiwa kujilipia. Watu waliona maziko ya haraka, wazikaji wamevaa ovaroli nyeupe, familia imesimama mbali. Kwa Mwislamu, kufikiria baba yako anazikwa bila kuoshwa na watu wake ni jambo zito kuliko kupooza mkono. Juu ya hapo, kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni ile ile abiria wa kivuko cha Likoni walipigwa na polisi wakiwahi kurudi makwao. Baada ya picha zile, nani angempakia mzee wake kwenye tuktuk saa nne usiku? Ambulensi ziliruhusiwa kupita, ni kweli. Lakini ni nyumba ngapi Mji wa Kale zilikuwa na namba ya ambulensi kwenye simu?

Uganda ilikuwa kali zaidi. Mwisho wa Machi 2020 magari binafsi yalipigwa marufuku, na mwenye mgonjwa alitakiwa kwanza kutafuta kibali kwa mwakilishi wa rais katika wilaya yake. Kibali cha kumpeleka mtu wa kiharusi! Karatasi ikipatikana asubuhi, ubongo ulishaamua usiku. Kina mama wajawazito angalau walipata wa kuwasemea. Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki aliona wanaofika usiku kujifungua wamepungua, akaanzisha Wheels for Life, magari ya bure ya kuwapeleka hospitali wakati wa kafyu. Mgonjwa wa kiharusi hakuwa na mtu wa namna hiyo. Hawezi kupiga simu. Mara nyingi hata kusema hawezi.

Hasara iliyofichika zaidi ni ya viharusi vidogo. Wagonjwa wazito waliletwa, hata kama kwa kuchelewa. Waliotoweka ni yule ambaye mkono ulikufa ganzi robo saa ukarudi, au ulimi ukawa mzito wakati wa daku na kufika adhuhuri anaongea vizuri. Hao walibaki nyumbani wakashukuru Mungu. Kiharusi cha onyo ndicho chenye tiba rahisi kuliko vyote, na hatari ya kiharusi kikubwa baada yake ni kubwa hasa katika siku mbili za mwanzo. Tuliwapoteza wakati ambao kidonge kingetosha.

Nikupeleke sasa ndani ya lile hema, maana najua ndilo linalokuuma. Kabla ya janga, mgonjwa wa kiharusi akifika, mtu mmoja anampima presha, mwingine anatia dripu, wa tatu yuko njiani na kitanda kuelekea kwenye CT. Watu wengi, haraka, na makelele. Korona iligeuza kila hatua kuwa foleni. Kuvaa ovaroli, barakoa, miwani na glavu mbili huchukua dakika kadhaa ukiwa umezoea, na siku za mwanzo hatukuwa tumezoea. Kuna siku vifaa vilikuwa vya watu wawili, basi wa tatu anasimama nje anauliza maswali kwa sauti. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba cha CT, chumba kinafungwa, kinafutwa, kinaachwa hewa ibadilike. Huwa hospitali ina mashine moja tu, na nyuma yake kuna aliyegongwa na bodaboda na mama mwenye degedege.

Kosa kubwa zaidi, na hili nalisema juu ya hospitali nyingi, yangu ya wakati ule ikiwemo, ni kungoja majibu ya korona kwanza. Majibu yale wakati mwingine yalichukua siku. Njia sahihi ilikuwa imeshaandikwa, na wenzetu wa Toronto walikuwa kati ya wa mwanzo kuichapisha mwaka ule ule wa 2020: mchukulie kila mgonjwa wa kiharusi kama ameambukizwa, mvishe barakoa, punguza watu chumbani, vaa kinga zako, endelea na kazi. Mahali pengine walipiga picha ya kifua papo hapo kwenye mashine ile ile ya kichwa ili kuona kama mapafu yana dalili. Hema la kungojea majibu linamfaa mtu mwenye kikohozi. Mtu aliyepinda mdomo hana muda huo. Kama baba aliwekwa hemani kwa sababu hiyo, mlifanyiwa lisilo sawa, na aliyelifanya huenda naye alikuwa na mtoto nyumbani anayeogopa kumpelekea kirusi. Yote mawili ni kweli.

Halafu kulikuwa na lile la jamaa kubaki nje. Watu hulichukulia kama suala la faraja tu. Kwetu lilikuwa suala la tiba. Swali la kwanza la kiharusi ni "alionekana mzima lini?" na mwenye kulijibu alikuwa amezuiwa getini. Nimewahi kusimama kwenye dirisha la wodi na simu ya mgonjwa mkononi, simu imefungwa kwa alama ya kidole, nashika kidole cha mkono uliopooza nakigusisha kwenye kioo ili nimpate mke wake. Alikuwa mita hamsini kutoka nilipo. Alikuja na mfuko wa dawa za mumewe, na ndani yake mlikuwa na dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo ingebadilisha kila kitu tulichokuwa tunapanga.

Na chakula je? Mgonjwa wa kiharusi hapewi hata maji kabla hajapimwa kama anameza vizuri, kwa sababu yakipita njia ya hewa yanaleta nimonia. Kipimo chenyewe humfanya akohoe, basi mwaka ule wauguzi wengi walikiogopa, kikaahirishwa. Wengine walikaa na njaa, wengine wakanyweshwa uji kwa huruma na ukaishia kwenye mapafu.

Kuhusu kirusi chenyewe sitasema mengi, maana baba hakuwa nacho. Ni kweli korona kali huifanya damu igande kwa urahisi. New York, hospitali mbili zilikuta kiharusi kwa asilimia 1.6 ya wagonjwa wao wa korona, dhidi ya asilimia 0.2 kwa wagonjwa wa mafua ya influenza wa miaka iliyotangulia. Na Aprili 2020 madaktari wa huko huko waliandika juu ya watu watano wa chini ya miaka 50 walioletwa na mishipa mikubwa ya ubongo imeziba katika wiki mbili tu. Habari hiyo ilizunguka dunia. Ilistahili, lakini ilitufanya tuangalie kirusi huku watu wengi zaidi wakiumia kwa kuchelewa.

Liko pia lililokuja polepole. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 155 hali ya huduma zao. Asilimia 53 zilisema tiba ya presha imeyumba, kwa sehemu au kabisa. Kliniki zikafungwa au zikapunguzwa siku, watu wakapitisha miezi bila kupimwa, wengine wakagawana vidonge na ndugu. Kwetu ilikuwa Ramadhani pia, na mtu anayekunywa dawa mara mbili kwa siku akiachwa bila ushauri huishia kunywa mara moja au kuacha. Tanzania, utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam ina viharusi vipya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, karibu mara tatu ya wilaya ya Hai, ya mashambani huko Kilimanjaro. Ubongo wa mjini kwetu ulikuwa hatarini tangu zamani. Janga lilimkuta mtu anateleza, likamsukuma. Kisha Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya wakagoma, madaktari wakafuata, na kati ya madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima. Aliyepata kiharusi mwezi ule alikuta mlango mwingine tena umefungwa.

Likija gonjwa jingine, na nyumba ikapata mtu wa kiharusi, fanyeni hivi. Mwambieni acheke muone mdomo, ainue mikono yote miwili, aseme jina la mtoto wake. Kimoja kikigoma, andikeni saa aliyoonekana mzima, hata kwenye kiganja. Mlazeni ubavu. Msimpe maji, chakula wala aspirini, kwa sababu kabla ya picha hakuna anayejua kama ni damu imeganda au imevuja. Msimpe dawa ya ziada kushusha presha nyumbani. Presha ikishuka ghafla inaweza kuua sehemu ya ubongo iliyokuwa bado inapigania. Pigeni simu hospitali yenye CT mkiwa njiani, na mjue ni ipi leo, siyo usiku wa tukio. Bebeni dawa zake zote, na simu yake ikiwa imefunguliwa. Kwenye kizuizi msiseme "mgonjwa", semeni "kiharusi, tunahesabu dakika". Polisi wengi wana wazazi. Mkifika mkaambiwa mngoje majibu ya kirusi, ulizeni kwa adabu: "Picha ya kichwa inangoja nini?" Swali hilo humfanya daktari anyanyuke. Najua, nimewahi kuulizwa.

Sasa mkono. Sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, na hiyo ndiyo miezi ambayo idara za fiziotherapia zilikuwa zimefungwa au zinapokea wachache. Kwa maoni yangu hapo ndipo baba alipopoteza zaidi ya alichopoteza hemani. Lakini nafuu haikatiki siku ya mia na themanini. Mkono ambao haukupata mazoezi wakati wake mara nyingi huwa na akiba ambayo haijawahi kuguswa. Mpelekeni kwa fiziotherapia wampime upya, hasa bega na vidole, maana misuli iliyokaza huweza kutibiwa. Kama vidole vinafunguka hata kidogo, kuna mazoezi ya kuutia mkono ule usioumwa kwenye glavu nene kwa masaa kadhaa kila siku ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Yawe chini ya mtaalamu, maana mzee anaweza kuanguka. Pimeni presha yake wiki hii.

Na barazani, mpe kikombe cha kahawa kwenye mkono wa kulia. Kile kidogo kisicho na kishikio, kitupu kwanza. Akikiinua kutoka kwenye sinia mara kumi bila kukiangusha, mtilie maji baridi robo. Kahawa moto ingoje mpaka mtaalamu wa fiziotherapia aseme.